Makarai Yetu Hayakuingia Kwenye Hesabu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Sitarudia. Mimi sikukaa shuleni. Kuandika nilifundishwa na akina mama wa kanisa nikiwa tayari na watoto, kwa hiyo msitafute maneno ya kupendeza hapa. Nitasema jambo lilivyokuwa, na mwenye haraka aende zake.

Mjukuu wangu mmoja anasoma chuoni mambo ya kukadiria gharama. Alikuja likizo hapa Kabazi, akanikuta nachambua maharagwe, akaanza kunieleza vile kazi kubwa hupigiwa hesabu kabla haijaanza. Akasema, "Nyanya, ukisahau kuandika kitu kimoja tu, hesabu yote inaanguka." Nikamwambia hilo nilikuwa nalijua kabla mama yake hajazaliwa. Akacheka. Ndipo nikamweleza haya ninayoandika, na hakucheka tena.

Ilikuwa wakati wa emajensi, ile hali ya hatari serikali ya wazungu ilipokuwa ikipigana na Mau Mau wa msituni. Mume wangu alikuwa nyapara wa genge la reli, huko juu kati ya Elburgon na Molo, mahali baridi inaamka kabla ya watu. Kambi yetu ilikuwa vibanda vya mviringo vilivyopangwa kando ya reli, tangi moja la maji, na bustani ndogo za sukuma wiki na viazi nyuma ya kila mlango. Nyumba ilikuwa ya reli, posho ilikuwa ya reli, hata blanketi tulilojifunika lilikuwa na alama ya reli. Mtu akifutwa kazi asubuhi, jioni mke wake anauliza njia.

Kazi ya genge ni hii. Kuna kipande cha reli ambacho ni chenu. Mataruma yake, yale ya kulaliwa na vyuma, ni yenu. Kokoto zake ni zenu, mitaro yake ni yenu, nyasi zake ni zenu. Treni ikipita juu, chuma kinazama kidogo kidogo, na genge linakuja na mitaimbo na jeki, linainua, linashindilia kokoto chini ya taruma mpaka reli irudi sawa. Kesho treni inapita tena. Ni kama kuosha vyombo. Hakuna siku utasema umemaliza.

Kwenye kipande chetu palikuwa na mahali pabaya. Tuta lilipita juu ya chemchemi iliyofunikwa tangu siku reli inajengwa, na maji hayakukubali kufunikwa. Kila mvua tuta lilibonyea katikati. Jirani yangu, mke wa mmoja wa wanaume wa genge, ndiye aliyepaita Kitandani. Alisema kila treni ikifika pale inalala kidogo kabla ya kuendelea na safari. Jina likashika, hata wanaume wakalitumia.

Huyo jirani alikuwa Mkikuyu, mwanamke mfupi mwenye mgongo wa chuma. Sisi tulitoka upande wa Kakamega. Lugha zetu hazikujuana lakini midomo yetu ilijuana sana. Aliniita Bibi Nyapara, kwa kejeli, hasa akiniona na tope hadi magotini.

Na tope lilitoka wapi? Hapo ndipo msikilize. Kitandani palikuwa pamewashinda wanaume. Genge lilikuwa dogo, na mahali penyewe palitaka murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, na kokoto kila wiki. Kwa hiyo sisi wake zao, bila mtu kututuma, tulianza kwenda na makarai. Wanaume wanainua kwa jeki, sisi tunateremka kwenye shimo la murram, tunajaza, tunapanda na karai kichwani, tunamwaga. Ilikuwa msaragambo kama wa shambani, leo kwa huyu, kesho kwa yule, isipokuwa shamba lenyewe lilikuwa la reli. Hatukulipwa. Tulitaka waume zetu warudi nyumbani wakiwa bado na pumzi ya kula.

Sheria za reli zilikataza mwanamke kushika kazi kwenye njia. Inspekta wa reli alipokuja na kiberenge chake, kile kigari cha kukagulia njia, mngurumo tuliusikia kutoka mbali, tukashuka bondeni na makarai yetu, tukajifanya tunatafuta kuni. Alijua. Aliangalia tuta, akaangalia genge, akamwambia mume wangu, "Nyapara hodari." Mume wangu akanyoosha mabega. Siku kama hiyo alikula vizuri na kuongea na watoto.

Basi emajensi ikaja na treni za jeshi. Hapo awali tulikuwa na treni ya abiria, za mahindi, za mbao kutoka Elburgon, na ng'ombe mara kwa mara. Sasa zikaongezeka zilizobeba askari, magari yao, mapipa, waya wa miiba, na nyingine zilizobeba watu waliotolewa mashambani, madirisha yamewekwa seng'enge. Zilikuwa nzito na hazikufuata saa tuliyoizoea. Kitandani pakaanza kulala kweli. Ulikuwa ukisimama pale treni ikipita unaona vyuma vinainama na kuinuka kama mtu anayepumua kwa shida.

Na mume wangu naye alianza kupumua kwa shida. Kifua chake kilipiga filimbi asubuhi, kabla hajavaa koti. Nikimwambia aende kwa daktari wa reli Nakuru ananiambia, "Nikienda, nani ataangalia Kitandani?" Nikamwambia Kitandani hapajamzaa. Akaondoka bila kunywa uji.

Ndipo wakaja watu wa hesabu. Alikuwa mzungu mmoja mwembamba, mwenye kofia pana na haya nyingi, na karani wake kutoka pwani. Walipiga hema karibu na tangi letu. Karani alikuja mlangoni kwangu akasema, "Hujambo, mama. Naomba maji ya kunywa, tafadhali."

Jirani yangu alikuwa pale. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Huyu anaongea ama anasoma Biblia?" akaniuliza.

"Naongea, mama," karani akajibu.

"Ongea tena basi. Nitakupa na viazi."

Akacheka, akakaa kwenye kigogo, akala viazi. Alikuwa kijana mpole, na kwa sababu hakuwa na mtu wa kuongea naye pale kambini, alizoea kuja jikoni kwangu kila jioni. Yeye ndiye aliyenieleza kazi yao. Jeshi, alisema, likitaka treni halipewi bure. Linahesabiwa kama mfanyabiashara yeyote, kama mwenye mahindi anavyolipia mahindi yake. Reli lazima iseme gharama ni kiasi gani: mafuta ya injini, maji, mshahara wa dereva na wa gadi, mabehewa yanayokaa bure stesheni yakingoja askari, watu wanaotembea mbele ya treni kuangalia njia. Mpaka hapo walikuwa wakikisia tu. Sasa bwana alitumwa apite kipande kwa kipande aone kwa macho.

"Na njia yenyewe huhesabiwa," karani akasema. "Njia hulika, mama, kama soli ya kiatu."

"Na fundi wa kiatu?"

"Naye huhesabiwa. Ikiwa treni za jeshi zimeongeza kazi, nyapara atasema ameongezewa kazi ya watu wangapi. Bwana ataandika. Jeshi litalipa, na reli itaajiri."

Niliacha kukoroga sufuria. Nilimuuliza tena, polepole, ili nihakikishe. Kwamba mume wangu akisema tu neno hilo, wanaume wengine wataletwa? Akasema ndiyo. Kwamba hatakatwa kitu? Akasema akatwe kwa nini, si yeye anayelipa.

Mimi nilikuwa na watoto wanne na mume mwenye kifua cha filimbi. Sikuwa na haja ya kueleweshwa zaidi. Wanaume wengine wakija, atapumzika. Wasipokuja, nilijua. Sikulisema neno lenyewe hata moyoni, lakini nilijua.

Alipoingia nilimwambia yote. Alimaliza kula. Kisha akasema, "Wewe unataka nimwambie mzungu kwamba reli yake inashikiliwa na wanawake."

"Nataka umwambie watu hawatoshi."

"Ataniuliza, kama hawatoshi, mbona njia imesimama miaka yote hii? Nitajibu nini?"

Hapo alikuwa na hoja, siwezi kumnyima. Njia ilikuwa imesimama kwa makarai yetu. Angesema watu hawatoshi, angelazimika kusema ni nani aliyekuwa akitosheleza. Na kusema hivyo ni kusema alivunja sheria, na inspekta alimfichia. Zaidi ya hayo, kule alikokuwa kabla ya kupewa genge, alimwona nyapara mmoja aliyesema kazi imemshinda. Mzungu alimjibu, "Kama imekushinda nitatafuta ambaye haitamshinda." Mume wangu ndiye aliyepewa lile genge. Ndivyo alivyopata unyapara, mnaona? Alikalia kiti cha mtu aliyesema kweli.

Asubuhi iliyofuata walienda Kitandani. Wanawake tuliambiwa tubaki kambini, makarai yafichwe. Lakini wageni lazima wapelekewe chai, na chai alipeleka mke wa nyapara, kwa hiyo nilisimama pale na birika nikasikia kwa masikio yangu.

Bwana alitembea juu ya tuta huku na huku. Alipima kwa kamba. Alichuchumaa akashika kokoto mkononi. Alikuwa mtu makini, sitamsingizia. Akamwambia mume wangu kwa Kiswahili chao cha shamba, "Nyapara, hapa pahali mbaya."

"Mbaya kidogo, bwana."

"Treni ya jeshi iko mingi sana. Watu yako natosha?"

Genge lote lilikuwa limesimama likiwa limeshika mitaimbo. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Juu kwenye njia ya miguu, jirani yangu alikuwa amesimama na mzigo wa kuni mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na kuni zile hakuzihitaji hata kidogo. Akakohoa kwa nguvu.

"Natosha, bwana," mume wangu akasema.

"Kweli?"

"Natosha kabisa. Wanaume yangu ni hodari."

Karani akaandika. Bwana akachukua chai, akanishukuru, akasema ni chai nzuri.

Tulipokuwa tukirudi kambini jirani yangu alinipita na kuni zake. "Mficha uchi hazai," akaniambia. "Mwambie huyo mume wako."

"Mwambie wako pia. Alikuwa na mdomo."

"Wangu amefungwa mdomo na wako, Bibi Nyapara. Nyapara akisema inatosha, nani atasema haitoshi?"

Niliendelea kutembea na birika langu. Alikuwa amesema kweli.

Siku waliyokuwa wakivunja hema nilimwendea karani. Nilimwambia wazi: hawa wanaume hawatoshi, wanawake wa kambi hii wanabeba murram ya Kitandani kwa kichwa, andika hivyo. Alinisikiliza vizuri, kalamu ikiwa mkononi.

"Mama," akasema, "siwezi kuandika kitu alichokikana mwenye genge. Bwana atauliza nani kasema. Nikisema mke wa nyapara, ninamvunjia mumeo heshima na kazi. Lakini akisema yeye mwenyewe, nitaandika hata mtoto aliyewaletea maji."

"Basi muulize tena. Sasa hivi, bwana akiwa mbali."

Alienda, simlaumu. Alimkuta mume wangu akipakia sanduku lao kwenye kiberenge pamoja na wanaume wawili watatu. Akamwambia kwa adabu, "Mzee, kabla hatujaondoka. Hakuna mikono mingine inayosaidia hapa? Tuandike tu."

Mume wangu alinyooka. Alinitazama mimi niliyesimama karibu na tangi, akajua maneno yametoka wapi. "Karani," akasema, "kwenu wanaume wanafanyiwa kazi na wake zao?"

"Kwetu, mzee, mke akisuka makuti, anayeezeka husema makuti kasuka mke wangu. Hapungukiwi kitu."

"Basi rudi kwenu ukaezeke."

Wale wanaume wakacheka. Hata karani alitabasamu, akaweka kalamu mfukoni. Kiberenge kikaondoka. Nilisimama pale mpaka mngurumo ukapotea upande wa Njoro, na sufuria yangu ikaungua nyumbani.

Majibu ya hesabu yalikuja baadaye kupitia kwa inspekta. Kipande chetu kiliandikiwa mafuta ya taa zaidi kwa ajili ya walinzi wa njia, na kokoto zaidi. Mtu hakuongezwa hata mmoja. Mume wangu alipongezwa. Kokoto zililetwa zikamwagwa kwa rundo kando ya reli, nyeupe, nzuri, na rundo likabaki linatutazama, kwa sababu kokoto hazitembei zenyewe.

Hata hivyo tungeendelea. Wanawake wa kambi wangebeba kokoto kama walivyobeba murram. Lakini mambo mawili yalitokea karibu pamoja.

La kwanza, walichukua Wakikuyu. Askari walikuja na lori, wakasoma majina, wakawapa watu muda wa kufunga walichoweza kukibeba. Jirani yangu na mume wake na watoto wao walipelekwa stesheni, wakapandishwa kwenye mojawapo ya zile treni za seng'enge, waende kwenye rizavu, ardhi waliyotengewa Wakikuyu, ambayo watoto wake hawakuwahi kuiona. Yeye mwenyewe alizaliwa Sachangwan, kwenye shamba la mzungu. Nilimfuata mpaka stesheni nikiwa na sufuria yake aliyoisahau. Askari alinizuia, lakini mwingine akaichukua akampitishia mlangoni kabla haujafungwa.

Aliniona. Akaweka uso kwenye seng'enge. Nilifikiri atalia, nami nilikuwa nimejiandaa nisilie.

"Bibi Nyapara!" akapaza sauti. "Tukifika Kitandani nitalala kidogo!"

Treni ikaondoka. Nikirudi nyumbani kwa miguu nilipita pale. Vyuma vilikuwa bado vina tope bichi lililorushwa na magurudumu, na tuta lilikuwa limezama kidogo kuliko asubuhi. Yule mwanamke alikuwa amepitishwa nyuma ya seng'enge juu ya udongo aliobeba kwa kichwa chake. Nilikaa chini kwenye nyasi. Hilo sijamwambia mtu mpaka leo.

Kwa hiyo genge likapungua mtu mmoja, na nafasi yake haikujazwa, maana hesabu ilikuwa imeshasema wanaume wa kipande kile ni hodari.

La pili lilikuwa amri. Afisa wa jeshi alipita na kutangaza kwamba asiye na kibali cha reli hataonekana karibu na njia, awe mwanamume au mwanamke, na atakayeonekana atapigwa risasi kama mtu wa msituni. Inspekta mwenyewe alikuja kambini, akatuita sisi wanawake, na kwa mara ya kwanza alizungumza na sisi moja kwa moja. "Mama, hapana kwenda Kitandani tena. Mimi najua. Lakini askari hapana jua." Yaani alijua siku zote. Alisema hivyo mbele ya mume wangu, na mume wangu akatazama chini.

Basi ikawa wanaume peke yao. Na mvua ya mwezi wa nne ikaja.

Mvua ya Molo si ya kusimuliwa. Inakuja na ukungu, inakaa, inaingia kwenye mifupa. Wanaume walienda kukiwa na giza wakarudi kukiwa na giza. Mume wangu alibeba mwenyewe. Nyapara kazi yake ni kuangalia na kupima, lakini alishika karai. Nilikuwa namwona kutoka mlangoni kwangu, mbali juu ya tuta, kitu cheusi kinachopanda na kushuka, na siruhusiwi kumkaribia. Nilikuwa na nguvu, nilikuwa mzima, karai langu lilikuwa limeegemea ukuta, na ningeweza kufika pale kabla uji haujachemka. Nilikaa nikachambua mboga.

Wanawake wengine walikuja kukaa kwangu. Mmoja alisema, "Ajabu, tulikuwa tunalalamika karai ni nzito."

Siku moja mume wangu aliletwa ameshikwa mabega na wanaume wawili. Mwili ulikuwa moto kama jiwe la mekoni na meno yanagonga. Kichomi. Nilimkanda kwa maji ya moto, nikamfunika kwa blanketi zote na magunia, nikamnywesha mchuzi. Alikuwa akiuliza jambo moja tu: Kitandani pamesimama? Nikasema pamesimama. Sikujua kama pamesimama.

Alipopata fahamu vizuri alinitazama. Akasema, "Ungemwambia yule karani."

Nikasema, "Nilimwambia."

Akafumba macho. Nilingoja aseme kitu kingine. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa nampenda, na kinywa changu hakikujua kitoe lipi, kwa hiyo nikabadilisha kitambaa kwenye paji la uso. Hayo ndiyo maneno ya mwisho tuliyoambiana kuhusu jambo hilo. Asubuhi walimpakia kwenye behewa la gadi wakampeleka hospitali ya Nakuru. Nilienda naye. Alikufa siku ya tatu, mchana, watu wakiwa wanakula chakula chao upande mwingine wa wodi, na vijiko vinagonga sahani za bati.

Tulimzika Nakuru, maana emajensi haikuruhusu mambo ya kusafirisha maiti mpaka kwetu. Watu wa kwao walinilaumu kwa hilo miaka mingi. Walaumu.

Nikiwa bado Nakuru, tuta la Kitandani liliteremka. Mungu alisaidia, treni ilikuwa haijafika. Treni ya jeshi ilikaa Elburgon na askari wake wakicheza karata, na wakubwa wakakasirika, na ghafla kila mtu alitaka kujua kwa nini. Bwana wa hesabu akarudishwa. Safari hii hakuuliza mtu. Aliona mwenyewe. Niliporudi, hata kabla sijahama kambini, wanaume wapya walikuwa wameshafika, vijana wenye shingo nene, wakicheka, wakiuliza maji yako wapi.

Karani alikuja kwangu kutoa pole. Alivua kofia mlangoni, akakataa kukaa. Alisema kwamba sasa wameandika kila kitu sawasawa, na jeshi limekubali kulipa.

Nikamuuliza, "Hizi pesa za hawa vijana zinatoka kwa jeshi?"

"Kwa jeshi, mama."

"Hazitoki kwa reli?"

"Hapana."

"Na kama angesema ile siku, angekatwa nini?"

Alizungusha kofia mkononi. "Asingekatwa hata senti moja, mama. Bwana aliacha nafasi kwenye karatasi. Alikuwa akisubiri tu aambiwe."

Nilimshukuru kwa kuja. Nikampa viazi vya njiani, vile vile nilivyokuwa nimechemshia watoto. Nyumba ilitakiwa na nyapara mpya mwisho wa mwezi, na sikutaka kungoja mpaka tusukumwe, kwa hiyo kesho yake tukafunga vitu.

Hatukuwa na mengi. Godoro, sanduku la bati, sufuria, majembe, kuku wawili. Watoto niliwagawia kila mmoja mzigo wake, na sanduku la bati nikamtwika binti yangu mkubwa, ambaye alikuwa mrefu kwa umri wake na mkaidi kama baba yake. Njia ya kwenda stesheni ilipita kando ya reli, na kwa vile sasa tulikuwa na barua ya kuhama askari walituacha. Wale wanaume wapya walikuwa wakifanya kazi Kitandani. Mmoja alimwona binti yangu anayumba, sanduku limemlemea shingo, jasho linaingia machoni. Akaacha sururu yake.

"Dada, limekushinda? Nikusaidie?"

"Halijanishinda," binti yangu akasema, akanyoosha mabega, miguu yake ikitetemeka. "Natosha."

Nilisimama. Wadogo wakanigonga kwa nyuma. Nilitua godoro pale pale kwenye kokoto, nikamshika binti yangu mkono kabla hajapiga hatua nyingine.

"Wote wekeni chini," nikasema. "Wewe pia. Chini, nimesema. Nisikilizeni. Katika nyumba yangu, mtu akiulizwa kama mzigo umemshinda, ataangalia mzigo kwanza, halafu aseme kweli. Na anayesaidiwa atasema amesaidiwa na nani, mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya mzungu. Asiyeweza hilo asile kwangu. Haya. Wewe shika sanduku upande huu, mdogo wako ashike ule. Mwambie kaka huyu asante. Inueni."